MAISHA YA MARIA SIBYLLA MERIAN, MAMA ALIYEFUATA VIWAVI



Katika namba hii ya gazeti letu nataka kuwaeleza maisha ya mama mmoja wa zamani, Maria Sibylla Merian. Hakuwa malkia, hakuwa tajiri, wala hakuwa bibi ya mtu mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuangalia wadudu na kuwachora. Sisi wote tumekwisha kusikia neno metamofosi mu somo la biolojia, na tumelikariri juu ya interogasio. Lakini ni wachache wanaojua kama kuna watu waliokaa usiku na mchana mbele ya sanduku la viwavi ili neno lile lipate maana. Merian ni mmoja wao.

Nimemchagua juu ya maneno yanayosikilikana hapa kwetu ku interna. Wakati maharagi yanatobolewa, kuna wanaosema ile midudu inazaliwa na maharagi yenyewe. Wengine wanasema funza inazaliwa na nyama inayooza. Tusichekane. Wenye elimu wa Ulaya, hata walimu wa iniversite, waliamini vile kwa muda wa miaka karibu 2000. Basi tuone namna mtoto mwanamke wa miaka 13 alivyoanza kuangalia kwa macho yake mwenyewe.

1. UTOTO WAKE

Maria Sibylla alizaliwa tarehe 2 Aprili 1647 mu mji wa Frankfurt, nchi ya Ujerumani. Baba yake, Matthäus Merian, alitoka Basel, mji wa Uswisi. Alikuwa fundi wa kuchonga picha juu ya sahani za shaba, na tena mwenye nyumba ya kuchapisha vitabu iliyojulikana sana. Kazi ile ni hivi: fundi anachora mistari ndani ya shaba kwa chuma chenye ncha, anapaka wino, anapangusa juu, wino unabaki ndani ya mistari, kisha anakandamiza karatasi juu yake. Sahani moja inatoa picha mingi. Tukumbuke kazi hii, kwani itamsaidia binti maisha yake yote.

Baba alikufa mwaka 1650, Maria akiwa na miaka mitatu tu. Mwaka 1651 mama yake aliolewa tena na Jacob Marrel, mchoraji wa maua. Huyu baba wa kambo hakumtupa mtoto asiye wake. Alimfundisha kushika burashi, kuchanganya rangi na kutengeneza picha ya ua mpaka unadhani utasikia harufu yake. Wakati ule watoto wanawake hawakuruhusiwa kuingia iniversite, na hawakufundishwa Kilatini kama ndugu zao wanaume. Kwa hiyo nyumba ya ufundi ilikuwa ndiyo masomo yake.

Wachoraji wa maua walizoea kuweka kipepeo au nzi mu pembe ya picha, kama pambo tu. Maria yeye aliuliza: mdudu huyu ametoka wapi? Anakula nini? Kesho atakuwa nini? Mwaka 1660, akiwa na miaka 13, alianza kufuga viwavi wa hariri. Aliwalisha majani ya mforosadi, na kama yamekosekana, majani ya saladi. Aliona yai dogo, kiwavi anayekula na kuvua ngozi, kifukofuko cha uzi wa hariri, ndani yake pupa asiyekula wala kutembea, na mwisho nondo mweupe anayetoka na kutaga mayai tena. Aliandika yote na kuchora yote. Kisha akaanza kukusanya viwavi wengine mabustanini ili ajue kama na wao wanafuata njia ile ile.

2. WATU WALIFIKIRI NINI WAKATI ULE

Ili tuelewe kazi yake, ni lazima tujue mawazo ya siku zile. Tangu Aristote, mwenye elimu wa Ugriki, watu walifundishwa kwamba wadudu wengi hawana wazazi. Wanazaliwa na matope, na umande, na mbolea, na vitu vilivyooza. Kiwavi alihesabiwa kuwa mnyama mmoja, kipepeo mnyama mwingine. Na kwa sababu mdudu ni mtoto wa uchafu, juu ya nini kupoteza wakati kumwangalia?

Mawazo haya yalianza kuanguka wakati wa ujana wa Merian. Mwaka 1668 munganga mmoja wa Italia, Francesco Redi, aliweka nyama ndani ya vyupa. Vingine aliviacha wazi, vingine alivifunika kwa kitambaa. Nyama zote zilioza, lakini funza ziliingia tu mahali nzi waliweza kutaga. Mwaka 1669 Jan Swammerdam wa Uholanzi alitoa kitabu juu ya wadudu. Yeye alifungua kiwavi kwa kisu kidogo sana, akaonyesha kama viungo vya kipepeo vimekwisha kuanza kujikunja chini ya ngozi yake. Kumbe si wanyama wawili, ni mmoja anayegeuka.

Merian hakuwa mtu wa kufungua wadudu kwa kisu. Njia yake ilikuwa kuwafuga wakiwa wazima, kuwangojea, na kuchora kila badiliko. Na alianza miaka nane mbele ya kitabu cha Redi.

Hapa niseme kidogo juu ya somo letu, maana wengi wanachanganya. Wadudu wana njia mbili kubwa za kukua. Njia ya kwanza ni metamofosi kamili: yai, kiwavi au lava, pupa, kisha mdudu mzima. Ndiyo njia ya kipepeo, ya nzi, ya nyuki, na ya ule mdudu wa maharagi: mama anataga yai juu ya haragi, lava inatoboa na kuingia, na sisi tunaona tu mzima anapotoka. Njia ya pili ni metamofosi isiyo kamili, isiyo na pupa. Mfano ni panzi, mende, kivunjajungu, na yule mdudu anayefanana na kijiti kikavu, ambaye mara mingi tunamgusa tukidhani ni tawi.

Tumwangalie huyu mdudu-kijiti. Mwili wake una sehemu tatu kama kila mdudu: kichwa chenye papasi mbili, kifua kirefu chenye miguu sita, na tumbo lenye pingili. Anapumua kwa vitundu vidogo vilivyo mbavuni. Aina nyingi hazina mabawa. Jike anadondosha mayai chini moja moja, nayo yanafanana na mbegu za majani. Ndani ya yai hatoki kiwavi, anatoka tunutu, ni kusema kijiti kidogo chenye sura ya mama yake. Anakula majani, anavua ngozi mara kadhaa, na kila mara anakuwa mrefu zaidi. Kama amepoteza mguu akiwa bado tunutu, mguu mwingine unaota polepole kila anapovua ngozi. Na kuna aina ambazo jike anataga mayai yenye uzima bila dume. Merian alichora zaidi wadudu wa njia ya kwanza, wale wanaogeuka kabisa, kwa sababu ndio waliokuwa fumbo kubwa.

3. NYUMBA, WATOTO NA KITABU CHA VIWAVI

Mwaka 1665, akiwa na miaka 18, Maria aliolewa na Johann Andreas Graff, mchoraji aliyejifunza kwa Marrel. Binti wao wa kwanza, Johanna Helena, alizaliwa mwaka 1668. Mwaka 1670 walihamia Nürnberg, mji wa bwana yake, na pale mwaka 1678 akazaliwa Dorothea Maria.

Tusifikiri alikuwa na nafasi ya kukaa bure. Alipika, alilea, alifundisha mabinti wa matajiri kuchora na kutarizi, aliuza rangi, na alitoa kitabu cha maua kwa sehemu tatu kati ya 1675 na 1680. Pamoja na hayo yote sanduku zake za viwavi zilibaki nyumbani. Kila siku ilikuwa lazima kuwatafutia majani mabichi, na si majani yoyote. Ndilo jambo kubwa alilolionyesha: kiwavi hali kila kitu. Aina nyingi zina mti wao au miti yao michache, na ukiwapa majani mengine wanakufa na njaa. Wamama wetu wanaookota viwavi vya kula wanajua sawasawa kiwavi fulani ni wa mti fulani. Lakini mu vitabu vya Ulaya wakati ule, mdudu alichorwa peke yake juu ya karatasi tupu, kama hana kwao.

Mwaka 1679 alitoa kitabu chake cha viwavi chenye picha 50, alizozichonga ku shaba kwa mkono wake. Mu kila picha kuna mmea mmoja, na juu yake kiwavi, pupa na kipepeo, mara mingi pamoja na mayai. Mtu akifungua ukurasa anaona maisha yote ya mdudu kwa mara moja, pamoja na chakula chake na nyumba yake. Sehemu ya pili, nayo ya picha 50, ilitoka mwaka 1683. Na hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya wakubwa. Alikiandika kwa Kijerumani, lugha ya watu wa nyumbani.

Kuna jambo lingine la kusifu. Mara kwa mara alingoja kipepeo, na ndani ya pupa wakatoka nzi au nyigu wadogo. Leo tunajua kama ni wadudu wanaotaga mayai yao ndani ya kiwavi, na watoto wao wanamla kutoka ndani. Merian hakuweza kulifafanua sawasawa. Aliliona kama badiliko lililoharibika. Lakini hakulificha ili kitabu chake kionekane safi. Aliwachora wale nzi na kuwaandika. Juu ya hiyo sisi leo tunaweza kusoma picha yake na kuelewa kile ambacho yeye hakukielewa.

4. KUTOKA NYUMBANI

Baba wa kambo alikufa mwaka 1681, na Merian akarudi Frankfurt kumsaidia mama yake. Ndoa yake na Graff ilikuwa imeanza kuharibika. Karibu na mwaka 1685 alichukua mama yake mzee na mabinti wake wawili, akaenda Wieuwerd, upande wa kaskazini wa Uholanzi, pale kaka yake wa baba moja, Caspar, alikuwa anakaa. Lilikuwa kundi la Waprotestanti waliofuata mafundisho ya Jean de Labadie. Waliishi pamoja, waliweka mali pamoja, waliacha nguo za fahari na mapambo. Graff alikuja kumwomba arudi. Alikataa. Mwaka 1692 ndoa ilivunjwa mbele ya serikali.

Wengine watasema alifanya vibaya, wengine watasema alifanya vema. Mimi siwezi kuwa zuzi wa ndoa ya watu waliokufa zamani. Naona tu kama mwanamke wa wakati ule aliyetoka kwa bwana yake alibaki bila jina na bila mali, na Merian alilijua vile kabla ya kutoka.

Ile nyumba kubwa ya Wieuwerd ilikuwa mali ya ukoo wa Cornelis van Sommelsdijck, aliyekuwa gavana wa Surinam, koloni ya Waholanzi huko Amerika ya Kusini. Kutoka kule vilifika vipepeo wakubwa wa rangi ya buluu, wakavu, wamechomwa pini. Mama yake alikufa mwaka 1690, na mwaka 1691 Merian akahamia Amsterdam pamoja na mabinti wake. Wote watatu walifanya kazi ya kuchora na kuuza.

Amsterdam ilikuwa mji wa meli na biashara. Matajiri walikuwa na vyumba vizima vya wanyama wakavu na wadudu wa nchi za mbali, na Merian alikaribishwa kuviona. Alishangaa, lakini hakushiba. Wale wadudu walikuwa wazuri, ila hakuna mtu aliyeweza kumwambia walikula nini, wala walikuwa nini kabla ya kupata mabawa. Ni kama kuonyeshwa foto ya mtu aliyekufa bila kuambiwa maisha yake. Akaona dawa ni moja tu: kwenda mwenyewe.

5. SURINAM

Mwaka 1699 aliuza picha zake karibu zote, akaandika urithi wake mbele ya notere, akapanda meli pamoja na Dorothea. Mama alikuwa na miaka 52, binti 21. Katika siku zile watu walivuka bahari ile juu ya biashara, juu ya vita, au juu ya kuhubiri. Mwanamke kuvuka kwa gharama yake mwenyewe juu ya kusoma wadudu lilikuwa jambo lisilozoeleka hata kidogo. Safari ilichukua karibu miezi miwili.

Walikaa Paramaribo, mji mkuu wa koloni. Kutoka pale waliingia mu mashamba makubwa na mu pori. Wakoloni walimcheka. Wao walitafuta sukari tu, na waliona ajabu kama mtu anatafuta kitu kingine kisichokuwa sukari. Naye kwa upande wake aliwalaumu mu kitabu chake: udongo mzuri vile, na wanaupanda miwa peke yake, hawajali mimea mingine.

Sasa tufike kwa jambo ambalo sisi Wakongo hatuwezi kuliruka. Sukari ya Surinam ilitoka ku jasho na damu ya watumwa. Walikuwa Waafrika. Merian mwenyewe anaandika kwamba walitoka Guinea na Angola. Wafanyabiashara wa Uholanzi waliita Angola pwani yote kutoka Loango, karibu na mlango wa mto Kongo, mpaka kusini. Ni kusema kati ya wale waliomfungulia Merian njia mu pori kwa shoka na panga, bila shaka kulikuwa watu wa pande zetu. Yeye mwenyewe alitumia watumwa, Waafrika na wenyeji wa Amerika. Walimletea viwavi, walimwambia majina ya mimea, dawa zake na chakula chake. Aliyaandika mingi waliyomwambia, na anasema wazi kama ameyapata kwao. Lakini majina yao hayamo mu kitabu. Majina ya matajiri wa Amsterdam wenye vyumba vya vipepeo tunayo. Majina ya waliookota viwavi hatunayo.

Kuna ukurasa mmoja unaouma. Ni ule wa ua la tausi, lile ua jekundu lenye manjano ambalo leo linapandwa mu nchi mingi za joto kwa uzuri wake. Merian anaeleza kama wanawake watumwa walitumia mbegu zake ili mimba isifike mwisho, kwa sababu hawakutaka mtoto wao azaliwe mtumwa. Anaeleza tena kama wengine walijiua, wakitumaini kuzaliwa upya wakiwa huru mu nchi yao wenyewe, na kwamba alisikia hayo kwa vinywa vyao. Aliandika pia kama wanatendewa vibaya. Lakini hakudai waachiliwe. Huyu ndiye Merian mzima: aliona, alisikiliza, aliandika ukweli, na bado aliishi ndani ya koloni ile kama wengine. Tusimfanye malaika. Lakini bila ukurasa ule, kilio cha wale wamama wa kwetu kingepotea ndani ya mashamba ya miwa.

Mu kitabu kile tunakutana pia na chakula chetu cha kila siku. Merian alichora muhogo pamoja na viwavi wanaokula majani yake. Anaeleza namna wenyeji wanavyokuna mizizi, wanaikamua maji yenye sumu, kisha wanachoma mkate. Tukumbuke kama muhogo asili yake ni Amerika. Wareno waliuleta ku pwani ya Kongo katika karne ya 16. Kwa hiyo hata sombe yetu ina bahari ile ile katika historia yake.

Joto na unyevu wa pori vilimwangusha. Alipata ugonjwa mkubwa wa homa, na alikusudia kukaa zaidi lakini haikuwezekana. Mwezi wa Juni 1701 alipanda meli pamoja na Dorothea na mwanamke mmoja mwenyeji wa Amerika. Walibeba vipepeo wakavu, nyoka na mijusi ndani ya pombe, pupa wakiwa bado wazima, na michoro juu ya ngozi laini. Mwezi wa Septemba walifika Amsterdam.

6. KITABU KIKUBWA CHA 1705

Miaka mine mingine ilipita ku meza ya kazi. Mwaka 1705 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mageuzi ya wadudu wa Surinam, chenye picha 60, kwa Kiholanzi na kwa Kilatini. Kinaanza na nanasi pamoja na mende. Mwalimu wa mimea wa Amsterdam, Caspar Commelin, alimsaidia kwa majina ya Kilatini. Gharama alizibeba yeye mwenyewe, na hakupata faida kubwa.

Je, kila kitu ndani ya kitabu kile ni sawa? Hapana. Aliandika kama kuna mdudu mwenye kichwa kirefu anayetoa taa usiku. Leo tunajua mdudu yule hatoi mwangaza. Pengine alichanganya pia habari alizozisikia na zile alizoziona. Lakini kuna mahali walimhukumu bure. Alichora buibui mkubwa mwenye manyoya anayekula ndege mdogo juu ya tawi la mpera. Katika karne ya 19 wenye elimu kadhaa wa Uingereza walisema ni uongo, na kwa ajili ya ukurasa ule wakatia mashaka kazi yake yote. Kisha Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 mu pori ya Amazon, alimkuta buibui wa namna ile pamoja na ndege aliowakamata, akaieleza habari hiyo mu kitabu chake cha 1863. Mama alikuwa amesema kweli, lakini alikuwa amekwisha kufa karibu miaka 150.

Carl Linnaeus wa Uswidi, yule aliyetufundisha kupa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, alitumia picha za Merian kwa kupa majina wadudu na wanyama wengi wa Amerika ambao hakuwa amewaona.

7. MWISHO WAKE

Miaka ya mwisho Merian alipatwa na ugonjwa wa kupooza, hakuweza tena kufanya kazi kama zamani. Alikufa Amsterdam tarehe 13 Januari 1717, akiwa na miaka 69. Siku zile zile munganga wa mfalme Petro Mkubwa wa Urusi alimnunulia mfalme picha zake mingi. Dorothea alitoa sehemu ya tatu ya kitabu cha viwavi mwaka ule ule wa 1717, kisha akaenda na bwana yake kufanya kazi Sankt Petersburg. Ndiyo maana daftari la Merian, lenye viwavi wa hariri wa 1660, liko Urusi mpaka leo. Mwaka 1992 Ujerumani waliweka sura yake ku noti ya marki 500, iliyotumika mpaka ilipokuja euro mwaka 2002.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tuangalie kabla ya kusema. Hakuna kati yetu aliye maskini mno asiweze kupata mkebe, majani na kiwavi. Haragi lenye tundu liko ndani ya sahani yetu kila juma. Labo yetu haina vyombo mingi, lakini Merian hakuanza na labo.

Pili, tuandike hata kile kisichofuata mawazo yetu. Mwanafunzi anayebadilisha matokeo ili yafanane na ya mwalimu anapata pointi, lakini yule wa baadaye hataweza kujifunza kitu kwake.

Tatu, kwa dada zetu wa seksio ya Bio-Shimi, ambao wanaambiwa kila siku kama wangefaa zaidi kushona: mama huyu alishona, alipika, alilea, na picha zake zilifundisha maprofesa waliomfungia mlango wa iniversite.

Nne, tunapouliza habari kwa wazee, kwa wamama wa sokoni, kwa wawindaji, tuandike majina yao pembeni ya maneno yao. Sisi tunajua ni uchungu gani kukuta watu wa kwetu ndani ya kitabu kizuri, wakifanya kazi, wakijibu maswali, na hakuna anayejua waliitwa nani.

 Kwa wenzangu wa mwaka wa sita, nawatakia matayarisho mema ya egzame ya Leta. Na wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, mkikuta kijiti kinachotembea ku lupango ya masomo, msikipige na fimbo. Kihesabuni miguu kwanza.